Kilo za Mwisho

9 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yanakusikiliza na ngazi za jengo lenu hazijakushinda. Sisi huku tupo. Baba mdogo ameacha sigara kwa mara ya nne, na jirani wa ukuta mmoja amenunua mbwa anayebweka hata akiota. Najua mashine za kufulia zilikumaliza masikio na simu kwako ni kelele tupu, ndiyo maana nimetafuta kalamu.

Habari kubwa ni ya Kijiko. Figo zake zimekufa, zote mbili. Sasa anapelekwa hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu, na akirudi hawezi hata kushika kitana, seuze kusuka kichwa cha mteja. Walitupima ndugu wote. Anayelingana naye ni mimi peke yangu.

Basi nikavua shati nikamwambia daktari, chukua. Akanipandisha kwenye mizani: kilo mia na thelathini na nane. Akatikisa kichwa. "Bwana mkubwa, mtu wa uzito huu simpasui kwa ajili ya mwingine. Nitakuua wewe ili nimponye yeye. Shuka chini ya mia na kumi na tano, kisha uje." Nikauliza Kijiko ana muda gani. Akasema, "Usichelewe."

Kijiko alivyo, hakulia. Aliniangalia kitambi akasema, "Bonge, unanipa figo au unanipa mafuta ya kukaangia?"

Lakini sikiliza. Hospitali ni mbali, siwezi kwenda kila mara. Hapa kwenye ghala la nafaka ninapolinda kuna mizani ya jukwaa, ile ya zamani: gunia linakaa upande huu, upande wa pili wanaweka mawe ya chuma. Mpimaji wetu, yule mwembamba mwenye jino la dhahabu, aliniambia, "Panda, Bonge, tukuuze kwa kilo." Nilikuwa nimeacha sukari na mkate wiki moja tu. Nikapanda. Mia na ishirini na tisa! Kilo tisa kwa wiki moja, Shangazi! Kwa mwendo huu mwezi wa tatu nitakuwa nimemaliza na Kijiko atakuwa anakojoa kama watu wengine.

Mwanao,
Bonge


2 Februari

Bonge wangu,

Marahaba. Magoti hayanisikilizi, na mimi siyasikilizi; tunaishi hivyo. Ghorofa ya nne, lifti imekufa tangu vuli, na mama wa chumba cha chini bado anaamini mimi ndiye ninayemwibia magazeti. Ninayasoma na kuyarudisha. Huo si wizi, huo ni utunzaji.

Niliposoma habari za Kijiko nilikaa kwenye ngazi hapo hapo, bahasha mkononi. Kaka yangu angekuwa hai angeniuliza nimefanya nini kwa watoto wake. Kwa hiyo nakuandikia maneno yasiyo matamu.

Kilo tisa kwa wiki moja? Mwanangu, hata aliyekatwa mguu hapungui hivyo. Nilifua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita. Najua mguu uliokatwa una uzito gani, kwa sababu kuna siku ulisahauliwa ndani ya shuka na mimi ndiye niliyeufungua. Kuna kitu hakiko sawa hapo. Sijui ni nini, ila usijenge hesabu zako juu yake.

Mimi mwenyewe niko kwenye vita hivyo. Daktari wa magoti alisema nisipopungua hanigusi. Huu ni mwaka wa pili. Nimepungua kiasi cha mtoto mchanga mmoja, tena mwenye afya kidogo. Kuna miezi mitatu mizima sikushuka hata kwa uzito wa kijiko cha chumvi. Nililia, nikamtukana daktari, nikarusha kikombe ukutani. Kisha nikafagia vigae, nikaendelea. Sina siri nyingine.

Ninalokuomba ni hili. Kabla ya kufua nilikuwa mshonaji, na mshonaji huamini uzi. Kata uzi mrefu, uzungushe tumboni penye kitovu, funga fundo pale uzi unapokutana. Kila mwezi zungusha tena, funga fundo jipya. Usiukate. Siku mizani itakapokuvunja moyo, shika uzi.

Na kitu kimoja zaidi. Umeandika "ghala ninapolinda." Unalinda nini, na dhidi ya nani? Katika barua yangu ya mwaka jana niliuliza pia, ukaniambia habari za mvua.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Usishangae mwandiko, mkono wa kulia umefungwa bandeji. Gunia liliniangukia. Vifundo vya vidole vimeshonwa, lakini si kitu. Baba mdogo amerudia sigara. Mbwa wa jirani amekufa. Kila mtu anamshuku mwenzake na kila mtu amelala vizuri.

Mambo hayaendi. Baada ya ile furaha ya Januari, mizani imeganda. Mwezi wa pili wote nimeshuka kilo mbili. Huu nao mbili. Mia na ishirini na tano. Nimeacha mkate, sukari, vya kukaanga. Asubuhi yai na chai ya rangi, mchana maharage na majani, jioni majani na maharage. Natembea kwenda na kurudi kazini. Wale makuli wanaobeba magunia wanaketi mbele yangu na mikate iliyopakwa siagi, wanatafuna taratibu, mmoja anajilamba vidole akiniangalia machoni. Wiki iliyopita nilimshika yule wa kujilamba vidole shingoni nikambandika kwenye ukuta wa magunia mpaka miguu yake ikaacha ardhi. Sikujua kama nimemshika mpaka nilipoona macho yake yamegeuka meupe. Walinivuta watu watano. Njaa hii, Shangazi, ina mikono yake yenyewe.

Na kuna jingine. Zamani nikisimama langoni, mtu mwenye fujo akinitazama tu anakumbuka ana kazi nyumbani. Sasa shati linanipwaya. Nasikia wanasema, "Bonge anaumwa, huyo." Juzi mtu alinisukuma kifuani. Mimi! Ilibidi nimvunje pua ili wengine wakumbuke. Kila kilo inayotoka inanibidi kuilipia kwa ngumi.

Kazi ni ileile, ulinzi. Msimu wa kununua nafaka watu ni wengi, kuna kelele kidogo.

Kijiko miguu imeanza kuvimba. Nilimkuta amejifunga mashuka kama maiti, anacheka. "Nimejipakia tayari, nisiwape shida." Nilimwambia akirudia mzaha huo nitamzaba kofi. Akasema, "Kwa mkono upi, huo uliofungwa?" Nafikiri niache kula kabisa wiki mbili au tatu. Maji tu. Wewe unaonaje?

Uzi nimefunga. Mafundo mawili. Yako karibu mno hata kuyaona ni kazi.

Mwanao,
Bonge


14 Aprili

Bonge,

Marahaba. Lifti bado imekufa. Mama wa chini amepata kijana wa kumletea magazeti mpaka mlangoni, kwa hiyo sasa nasoma vitabu vya maktaba, vinavyonifaa zaidi.

Kwanza, la njaa. Ukiacha kula wiki tatu utashuka, ndiyo, na daktari atakupima damu atakufukuza, kwa sababu figo ya mtu aliyejiua kwa njaa haifai kumpa mbwa wa jirani yako aliyekufa. Unafikiri mwili ni adui wa kupigwa mpaka asalimu amri. Haupigiki. Mimi nilipokwama miezi mitatu nilifanya mambo mawili ya kipumbavu na moja la maana. La maana ni kwamba niliendelea na yale yale ya jana. Kilo zilipotaka kuondoka ziliondoka, bila kuaga. Wewe kilo mbili kwa mwezi unaziita kuganda. Mimi nazionea wivu. Ni ile Januari ya uongo iliyokuharibia, imekufanya uone kila hatua ya kweli ni fupi. Kula maharage yako. Tembea. Mtu akijilamba vidole, geuka utazame ukuta.

Pili. Nimesema nilifua mashuka ya hospitali. Nilifua pia mashati ya walioletwa kutoka kwenye magomvi, na nilikula chakula cha mchana meza moja na wanaoshona majeraha. Gunia likianguka mkononi linaponda mgongo wa mkono, au linavunja kidole. Gunia halichani vifundo vya vidole. Meno ndiyo huchana.

Meno ya nani, mwanangu?

Shangazi


30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wote wapo. Sitaandika habari za nyumbani, hazipo.

Umeuliza, nakujibu. Kuna mkulima mmoja mtu mzima, anavaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alileta magunia yake, Mpimaji akayapima. Yule mzee akasema amekwisha kuyapima kwao, hapa yamepungua. Mpimaji akamwambia barabara ina mashimo, nafaka imemwagika. Mzee akacheka, akageukia foleni akapaza sauti: "Jamani, jiwe la huyu bwana lina mimba! Litazameni tumbo lake!" Foleni ikaanza kuvuma. Tajiri, mwenye ghala, yuko juu dirishani. Tajiri hasemi, anashusha kidevu tu. Akishusha, ni kazi yangu.

Nilimpiga mdomoni. Hakuanguka, alinishika shati akaendelea kusema jiwe, jiwe, na damu inamtoka. Nikachukua komeo la mlango, lile la chuma, nikampiga mkononi. Ulilia kama kuni kavu. Foleni ikanyamaza, magunia yakaendelea kupimwa. Ndiyo kazi yenyewe, Shangazi. Sikuwa na hasira naye. Hata jina lake silijui. Kijiko nampeleka hospitali kwa kazi hiyo. Dawa zake, usafiri, vyote vinatoka hapo.

Lakini hilo silo linaloniua. Msimu wa kununua umekwisha, sasa tajiri anauza, watu wa mjini wanakuja kununua. Jumatatu nimepanda mizani. Mia na thelathini na moja. Nikashuka, nikapanda tena. Mia na thelathini na moja! Miezi mitano ya majani na nimerudi juu kuliko nilivyoanza hapa! Kuli mmoja akasema, "Bonge, umekula mizani yenyewe?" Nilimpiga kwa benchi. Benchi lilipasuka, yeye kichwa kikapasuka, nikabaki nimeshika mguu wa benchi na kila mtu amerudi nyuma kama mbele ya ng'ombe aliyekata kamba.

Uzi wako umefupika vidole vinne. Suruali inafungwa kwa kamba. Lakini uzi ni uzi, mizani ni mizani. Mimi si mtoto.

Nimenunua mkate jana, ule mrefu, nimeula wote nimesimama barabarani. Na leo tena. Kijiko anaongea taratibu sasa, kama mtu anayesoma kwenye giza. Sina nguvu ya kumwangalia. Nimemwambia mwaka huu haiwezekani.

Bonge


16 Juni

Mwana wa kaka yangu,

Sijibu salamu leo, na sina habari za ngazi.

Hukuwahi kuniuliza niliondokaje kwetu, na mimi sikuwahi kukwambia. Nilikuwa na duka la kushona na mume wangu. Walikuja mchana, watu wa kitongoji chetu, na wengine wa kukodiwa. Mlangoni mwa chumba nilimokuwa walimsimamisha kijana mmoja mkubwa, mnene kama wewe, ili nisitoke. Nilimpiga makucha usoni. Alinishika mikono miwili kwa mkono wake mmoja, kwa upole, kama unavyomshika mtoto asianguke, akaniambia, "Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Niko kazini." Nyuma yake walikuwa wanampiga mume wangu kwa pasi zetu wenyewe, zile za chuma, za mkaa. Ya moto ilikuwa moja. Nilijua kila walipoitumia hiyo, kwa harufu.

Waliokuwa na hasira siku ile nimewasahau sura. Yule asiyekuwa na hasira nikimwona leo sokoni nitamjua kwa mgongo.

Sasa nisikilize, maana Kijiko hana muda wa mimi na wewe kulia. Mkulima alikwambia jiwe ni bovu. Ulimvunja meno. Halafu ukapanda juu ya jiwe hilo hilo ukaliuliza habari za mwili wako, likakudanganya kama lilivyomdanganya yeye, na wewe ukapigana na kila mtu isipokuwa jiwe. Wakati wa kununua gunia lilikuwa jepesi kwao, na wewe pia ukawa mwepesi ghafla. Sasa wanauza, gunia limekuwa zito, na wewe pia. Uzi haujui msimu. Uzi unasema vidole vinne.

Tupa mkate. Nenda hospitali upimwe kwa mizani ya watu wagonjwa. Usiniandikie mpaka uwe umefanya hivyo.

Shangazi


25 Julai

Shangazi,

Shikamoo, hata kama huitaki.

Nilikwenda. Mia na kumi na tisa. Muuguzi alinitazama akadhani nitampiga, kumbe nilikuwa nalia. Daktari akasema, "Hakuna mtu aliyewahi kunishushia kilo hizi kwa miezi hii bila ujinga. Bado kidogo. Usibadilishe kitu." Nilimpelekea Kijiko habari kitandani. Akasema, "Bado kilo tano? Kata mguu basi, si tunalipana?" Alicheka mpaka wakamwekea hewa.

Siku hiyo hiyo, nguo zile zile, tumbo tupu, nilirudi ghalani nikapanda. Mia na ishirini na saba. Nikamtazama Mpimaji, akanitazama. Nikamwinua nikamweka pembeni, nikavunja kufuli la sanduku analokalia. Lilikuwemo jiwe jingine, pacha wa lile la juu, namba ile ile, umbo lile lile. Nilishika moja huku na moja huku. Hata mtoto angejua. La kununulia ni zito kuliko lilivyoandikwa, kwa hiyo gunia la mkulima linaonekana jepesi. La kuuzia limechimbwa ndani, kwa hiyo gunia lile lile linaonekana zito. Mpimaji akasema, "Bonge, ulidhani ni nini ulichokuwa unalinda?"

Uani kulikuwa na wanunuzi, na wakulima pia waliokuwa wamekuja kudai magunia yao matupu. Na yule wa kofia ya sufu alikuwepo, mkono umepindia nje. Nilitoka na mawe yote mawili nikayainua. Nikasema, "Jiwe lina mimba. Mzee alisema kweli." Shangazi, naapa nilidhani watapiga kelele. Nilidhani wataita askari. Nilitaka tu niwe nimesema.

Hawakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Walichukua mipini ya majembe kwenye rundo la kuuzwa, mmoja mmoja, kama watu wanaopokezana vikombe. Tajiri alikwisha kutoka kwa mlango wa nyuma. Walimvuta Mpimaji miguu, kichwa kinagonga ngazi. Aliita jina langu, lile la kweli, sikujua kama analijua. Yule wa kofia hakupiga, mkono wake hauinuki. Aliwashikia wenzake makoti.

Nilimlalia Mpimaji juu. Zamani ningetosha kumfunika mzima mzima, nilikuwa ukuta. Sasa miguu yake ilibaki nje upande huu na kichwa upande ule. Walinipiga mgongoni, mabegani, kwenye masikio. Nilivumilia. Nilikuwa nawaambia, inatosha, inatosha. Nasikia pumzi yake shingoni mwangu, inanuka chai. Kisha mpini mmoja ukanipata ubavuni, chini ya mbavu, kushoto. Unajua pale. Ulipoinuka tena nilijua unarudi pale pale.

Daktari alikuwa amesema figo ya kushoto ndiyo atakayoichukua.

Nilibingirika. Nilijikunja nikabana ubavu kwenye ukuta wa ghala nikaufunika kwa mikono miwili. Mpimaji alishika mguu wa suruali yangu. Niliupokonya. Nilifumba macho lakini masikio hayafumbiki. Haikuchukua muda, na ilichukua muda mrefu. Walipomaliza, mtu alinipigapiga begani akasema, "Pole, wewe," akaniwekea mawe yote mawili miguuni.

Askari walimfunika Mpimaji kwa gunia, wakanihoji wakaniachia. Nimetoka kazini, kazi yenyewe haipo, ghala walilichoma. Tangu siku ile chakula hakipiti kooni, natafuna, kinarudi. Jana nimekwenda kupimwa. Mia na kumi na nne. Kilo zile za mwisho, Shangazi, zile nilizoziomba kwa magoti miezi sita, zimeondoka kwa wiki tatu bila mimi kuziomba. Daktari amefurahi. Amepiga picha ubavuni: pamevimba, figo ni nzima. Wamepanga siku.

Kijiko anajua nilipigwa. Hajui mengine. Nimpe figo hii? Niambie. Nikimpa bila kumwambia, namdanganya. Nikimwambia, namjua, ataikataa.

Bonge


3 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Hujanijibu. Nimeelewa, au nadhani nimeelewa.

Sikuweza kusubiri. Walitupasua siku moja, vyumba viwili vinavyotazamana. Nilipozinduka nilimuuliza muuguzi, akacheka akaenda akarudi na chombo cha kioo, ndani mkojo wa rangi ya chai hafifu. Wa Kijiko. Aliubeba kama manukato. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Wiki iliyofuata Kijiko alikuja mwenyewe, anaburuta chuma cha maji ya dripu, uso umerudi mahali pake. Akaketi kitandani kwangu akasema, "Bonge, hii kitu yako haina adabu. Imenikojolesha mara tisa tangu alfajiri."

Nilimwambia yote hapo hapo. Mzee wa kofia, komeo, Mpimaji, suruali. Aliweka kiganja juu ya mshono wake akakaa hivyo mpaka wakaja kumrudisha. Tangu jana hajaja, na mimi sijaenda. Ni hatua chache, Shangazi. Naona mlango wake nikiwa nimelala.

Bado chakula hakipiti vizuri. Nipo mia na tisa.

Bonge


28 Septemba

Bonge wangu,

Marahaba. Marahaba mara mbili, na ile niliyokunyima.

Kwanza, kula. Hukuahidi kupungua mpaka uishe. Daktari alitaka mtu mwepesi, hakutaka kivuli, na Kijiko sasa hana figo nyingine ya akiba isipokuwa hiyo iliyobaki kwako. Weka yai, weka maharage, ongeza mkate, kipande si mkate mzima. Ukishindwa kumeza, pumzika, umeze tena. Ulijua kufanya hivyo kwa kupungua, utajua kwa kuongezeka. Ni kazi ile ile, na itakwenda taratibu vile vile.

Pili, mkulima. Yale meno ni deni lako. Usinichanganyie na mengine, usiyafunike kwa machozi ya Mpimaji. Utakwenda kwake na mikono mitupu, utasimama mlangoni, na atakachofanya kitakuwa chake kufanya. Akikuvunja mkono, una mwingine. Mwambie tu akuachie ubavu.

Tatu, nilichelewa kwa makusudi. Barua yako ya Julai nilikaa nayo siku nyingi nikikutukana kwa sauti, mpaka mama wa chini akapanda ngazi zote nne kuuliza naongea na nani. Nilikutukana kwa pale ulipobingirika. Nilisoma mpaka "niliupokonya" nikaikunja. Nikaifungua tena, nikafika pale pale, nikaikunja.

Kuna mtu sikukwambia habari zake. Siku ile dukani, mume wangu alifanikiwa kutambaa mpaka mlango wa uani. Jirani yetu, mwanamke niliyemshonea gauni la harusi bila kumtoza kitu, alikuwa amesimama hapo, karibu kiasi cha kumgusa. Mume wangu alimshika kanga, mkono ukaacha alama. Alimwomba amfungulie mlango wake tu. Yule mwanamke alivuta kanga, akageuka, akaingia ndani, akafunga. Nilisikia komeo. Kijana wa mlangoni nilimwogopa, waliopiga niliwachukia, lakini mwanamke huyo ndiye niliyesafiri naye. Kila nyumba niliyolala nimelala naye, namwuliza, jibu lake nalisikia, ni lile komeo. Nimezeeka naye kuliko nilivyozeeka na mume wangu.

Jana nilikuwa nazungusha uzi tumboni, fundo langu la mwezi, sijapungua hata unywele, na nikawa namwona kama kawaida anavyogeuka, mgongo wake, mlango. Miaka yote hiyo nimeutazama mgongo ule na sikuwahi kuuona. Bonge, alikuwa amebeba mtoto. Wa miezi michache, kichwa kimelala upande, amefungwa kwa kanga ile ile aliyoshikwa.

Sijui kama nimemsamehe. Nimeketi tu tangu jana, najiuliza mtoto yule alikua akawa nani.

Shangazi yako